Moto wa plagi hafifu kwenye gari za pointi: pima volti za koili kabla hujanunua koili nyingine

Wadau, hili swali nimeshalijibu mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike lote sehemu moja. Gari ya zamani ya kabureta na pointi (vile vidude viwili ndani ya distribyuta vinavyofunga na kufungua umeme wa koili), asubuhi inakataa kuwaka, ikiwaka inamisi kwenye mlima, mwenye gari ananunua koili mpya imeandikwa 40,000V kwa herufi kubwa, anafunga, hali ni ileile au mbaya zaidi ya mwanzo. Anarudi dukani kuchukua nyingine. Kuna jamaa ana koili tatu kwenye buti na gari bado inasukumwa na vijana wa kijiweni kila asubuhi.

Tatizo ni kwamba hamna aliyepima kitu. Kwaiyo leo tunapima. Nimeandika kwa kutumia Landrover 109 ya petroli ya 2.25 kwa sababu ndo ninayoishi nayo, ila Corolla za injini ya K, Datsun 1200, Beetle na Peugeot 504 za pointi zinafuata mambo yaleyale, penye tofauti nimesema.

## Elewa kitu kimoja kwanza

Pointi zikifunga, umeme wa betri unapita kwenye waya mnene wa ndani ya koili, ule wanauita praimari, na koili inajaa kama debe chini ya bomba. Pointi zikifunguka bomba linakatwa ghafla na kilichojaa kinatoka kwa mkupuo kupitia waya mwembamba, sekondari, mpaka kwenye plagi. Plagi haiwezi kupata zaidi ya kilichoingia kwenye debe.

Kinachojaza debe ni ampia, na ampia zinatokana na volti zinazofika kwenye koili ukigawanya kwa omu (kipimo cha ugumu wa umeme kupita) za praimari. Koili ya omu 3 ikipata volti 12 inavuta ampia 4. Sasa sikiliza apa, nguvu inayohifadhiwa haishuki sawa na ampia, inashuka kwa ampia mara ampia. Yani volti 12 tukiziita asilimia 100, zikifika 10 tu umebaki na kama asilimia 69, na zikifika 8 umebaki na 44. Umepoteza theluthi moja ya volti, lakini zaidi ya nusu ya moto imeondoka.

Na zile 40,000 za kwenye lebo? Hizo ni volti ambazo koili inaweza kufika kama hakuna kinachozipunguza. Plagi ya gepu (uwazi wa cheche kuruka) 0.8 mm injini ikinguruma taratibu inaruka kwenye kama volti 10,000 hivi, mzigo ukiongezeka inataka zaidi, na ikisharuka volti zinaacha kupanda. Lebo haikuongezei moto, ampia ndo zinaongeza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Multimita ya dijito, ata ile ya bei ya chini inatosha
- Fila gegi (vibamba vyembamba vya kupimia gepu)
- Msasa laini na kitambaa kikavu
- Plagi moja nzima ya zamani, na kipande cha waya chenye klipu mbili
- Spana ya kuzungushia krenki pulei, au kwa wenye Landrover, hendeli ya mbele
- Msaidizi wa kupiga stata, awe mtu anayesikia ukisema "acha"

## Kabla hujagusa

Waya mkubwa wa katikati ya koili utakurusha, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba ata upande mdogo, ule wa waya mdogo kwenda distribyuta (kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), pointi zikifunguka unapanda volti mia mbili, mia tatu. Usiweke kidole, na usiweke multimita upande huo injini ikiwa inaunguruma, nimeua moja hivyo.

Mwenye kifaa cha moyo asisogee kabisa. Ukimwaga petroli subiri ikauke yote. Na usiache swichi on dakika kumi pointi zikiwa zimefunga, koili itachemka mpaka ivujishe oili, utakuwa umeiua mwenyewe alafu useme ilikuwa feki.

## Hatua ya 1: Betri, imelala na ikipigwa stata

Pima betri kwenye nguzo zenyewe, sio kwenye vichwa vya waya. Ikiwa imepumzika itoe kama 12.6, ikiwa chini ya 12.4 ichaji kwanza, usiendelee.

Chomoa waya wa katikati ya koili uubane kwenye bodi ili gari isiwake, mwambie msaidizi apige stata sekunde tano huku unaangalia multimita. Zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka mpaka 8 basi koili yako ata kama ni mpya inafanya kazi na chini ya nusu ya moto wakati ule hasa inapouhitaji, injini ya baridi, plagi zimelowa mafuta, hapo hamna koili ya kukuokoa. Tatizo ni betri, au stata inavuta kupita kiasi, au waya wa athi kati ya injini na chesisi umeoza. Huo waya wa athi watu wanausahau sana.

Ukifanikiwa utaona: 12.4 kwenda juu ikiwa imelala, na 9.6 au zaidi ikipiga stata.

## Hatua ya 2: Jua koili yako ni ya aina gani

Chomoa waya zote za koili. Weka multimita kwenye omu, kwanza gusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi, nyingi zinatoa 0.3 mpaka 0.5, hiyo uikumbuke uitoe. Watu wengi hawatoi, wanasoma 1.9 wanaanza kubishana ni koili gani.

Pima kati ya nguzo mbili ndogo. Karibu na 3, ni koili ya kupokea volti 12 moja kwa moja. Karibu na 1.5, ni koili ya balasti, inataka rezista mbele yake. Landrover za 2.25 na Beetle za volti 12 kwa kawaida ni aina ya kwanza. Toyota na Datsun nyingi za miaka ya 1970 ni aina ya pili, utaona kitu cheupe cha kauri kimefungwa pembeni ya koili, hicho ndo balasti. Ford Escort inaficha, balasti yake ni waya maalum ndani ya waya za gari, usiukate ukidhani ni waya wa kawaida.

Alafu pima kutoka nguzo ndogo moja mpaka tundu la katikati. Kati ya omu 6,000 na 15,000 ni sawa. Ikikataa kusoma kabisa, sekondari imekatika, hiyo koili imekufa kweli.

Tahadhari: koili nzuri ikiwa baridi inaweza kuwa mbaya ikiwa ya moto. Gari inayozima kwenye foleni saa nane mchana alafu ikipoa inawaka kama hamna kilichotokea, pima tena hapohapo ilipozima. Shaba ikipata joto omu zinapanda zenyewe, ya 3 ikiongezeka nyuzi 50 inasoma kama 3.6, hiyo ni kawaida. Ikisoma 6 au ikapotea, hiyo sio kawaida.

## Hatua ya 3: Volti zinazofika kwenye koili

Hapa ndo wengi wanakosea, soma polepole.

Rudisha waya. Swichi on, wanaweka multimita kwenye chanya ya koili, inasoma 12.4, wanasema umeme upo, wanafunga boneti. Kumbe pointi zilikuwa zimefunguka. Pointi zikiwa wazi hamna umeme unaotembea, na umeme usiotembea haupotezi volti njiani, ata swichi iliyooza itakuonyesha 12. Ni kama kupima presha ya bomba wakati koki imefungwa.

Kwaiyo fungua kava ya distribyuta, zungusha injini taratibu kwa hendeli mpaka uone pointi zimefunga kabisa, ndo uwashe swichi upime:

Koili ya omu 3 isiyo na balasti: isipishane na betri kwa zaidi ya nusu volti. Betri 12.4, koili isipungue 11.9.

Koili ya balasti: utaona kama 6, mpaka 8 hivi kutegemea balasti yenyewe. Hiyo ni sahihi, usishtuke, usianze kuunganisha waya wa moja kwa moja kutoka betri.

Mimi hii ndo ilinitesa. Landrover ilikuwa inawaka kwa kubembelezwa, fundi mmoja kabadilisha koili, mwingine kabadilisha kabureta, pesa imeisha. Siku nimekaa nikapima pointi zikiwa zimefunga, betri 12.4, koili 9.3. Volti 3 zimepotea njiani, na ukipiga hesabu ile ya ampia mara ampia nilikuwa natembea na asilimia 56 ya moto.

Kutafuta zilipopotelea ni rahisi kuliko unavyofikiri. Ncha nyekundu iache kwenye chanya ya betri, ncha nyeusi iweke kwenye chanya ya koili, pointi zimefunga, swichi on. Namba unayoona ni volti zilizopotea. Sasa rudi nyuma na ncha nyeusi kidogokidogo, kwenye fyuzi, kiungo, nguzo ya kutokea swichi, nguzo ya kuingilia swichi. Pale namba inaposhuka ghafla umevuka mwizi. Kwangu ilikuwa 3.1 upande wa kutoka swichi na 0.4 upande wa kuingia. Swichi ya ufunguo, tangu enzi hizo, ndani imeungua imekuwa nyeusi kama mkaa. Nikaweka relei, swichi ikabaki kuamuru tu na umeme wa koili ukapita kwenye relei. Asubuhi iliyofuata iliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo.

Ukifanikiwa utaona: upotevu chini ya 0.5 kwa koili ya omu 3.

## Hatua ya 4: Volti za koili wakati wa stata (wenye balasti)

Gari za balasti zina ujanja. Ukipiga stata, waya mwingine unaipita balasti pembeni na kuipelekea koili volti zote za betri, kwa kuwa muda huo betri imeshuka. Ukiachia ufunguo inarudi kwenye balasti.

Dalili mbili zinakuambia bila kupima ata kidogo. Ikiwa gari inawaka ukipiga stata lakini inazima ukiachia tu ufunguo, balasti imekatika. Ikiwa stata inazunguka weee haiwaki, alafu inashtuka kuwaka sekunde ile unayoachia, ule waya wa pembeni haufanyi kazi.

Kuhakikisha, pima chanya ya koili stata ikizunguka. Iwe karibu sawa na betri muda huohuo. Ikiwa betri 10 na koili 5, anza kuangalia waya unaotoka stata au swichi.

## Hatua ya 5: Pointi, kondensa na athi

Volti zikifika vizuri juu, lazima zitoke vizuri chini. Pointi zikiwa zimefunga na swichi on, weka ncha nyekundu kwenye hasi ya koili na nyeusi kwenye hasi ya betri. Iwe chini ya 0.2. Ikiwa 0.8 au volti nzima, pointi ni chafu, au kawaya kadogo ndani ya distribyuta kanakoshika bamba la pointi kamekatika. Hako kawaya ni kama uzi, kanakatikia ndani ya plastiki huoni kitu.

Safisha pointi kwa msasa laini, futa unga wote, seti gepu mguu wa pointi ukiwa juu kabisa ya kona ya kemu. Landrover 0.35 mpaka 0.40 mm, Beetle 0.40, Toyota K 0.45. Fila gegi iingie kwa kusugua kidogo, isidondoke na isilazimishwe.

Kwanini gepu linahusika na volti za koili? Kwa sababu debe linahitaji muda wa kujaa. Gepu likiwa kubwa pointi zinafunga kwa muda mfupi. Kwenye mzunguko mdogo huwezi kujua, kila cheche ina kama milisekunde 17 za kujaa, inajaa tele. Ukifika mizunguko elfu sita kwa dakika zinabaki kama milisekunde 3 tu, na koili ya kawaida kwa muda huo inafika kama thuluthi mbili ya ampia zake. Ndo maana gari inamisi ukikimbiza tu. Gepu dogo nalo ukilifanya kwa makusudi ili "ijaze zaidi", pointi zinaungua.

Kondensa ndo inayofanya umeme ukatike ghafla badala ya kuchelewa kwenye pointi. Ikifa, ukitazama pointi gizani utaona cheche kubwa ya bluu inaruka hapo, na kwenye plagi inabaki dhaifu. Bei yake ndogo, badilisha. Ila ukipata ya zamani inayofanya kazi usiitupe, nyingi za siku hizi hazidumu na mimi nina moja imefungwa kwa tepu ndani ya dashibodi kwa dharura.

## Hatua ya 6: Upande wa chanya na hasi

Koili ikifungwa kinyume gari itawaka, ndo maana watu hawajui. Lakini ncha ya katikati ya plagi ndo ya moto, na umeme unaruka kirahisi kutokea kwenye chuma cha moto, ukiugeuza plagi inahitaji asilimia 15 mpaka 30 zaidi ya volti. Umeifukuza nguvu bure.

Gari ya athi hasi (hasi ya betri ndo imefungwa kwenye bodi): chanya (au namba 15) inaenda kwenye swichi, hasi (au namba 1) inaenda distribyuta. Koili za Lucas za zamani zimeandikwa SW na CB, hizo zilitengenezwa enzi za athi chanya, na Landrover za kabla ya 1967 zilikuwa hivyo. Kama gari yako iligeuzwa kuwa athi hasi na koili ni ileile, basi SW iende distribyuta na CB iende swichi. Inaonekana kichekesho lakini ndo sahihi.

## Hatua ya 7: Sasa tazama moto wenyewe

Chukua plagi ya zamani, kunja ule mguu wa pembeni mpaka gepu lifike kama milimita 5. Ibane kwenye bodi kwa klipu, mbali na kabureta na mbali na matundu ya plagi, uiunge na waya wa katikati ya koili. Piga stata.

Usitumie plagi yenye gepu la kawaida kwa jaribio hili. Kwenye hewa ya nje, bila kompresheni, ata koili mgonjwa inaruka 0.7 mm vizuri, unasema moto upo alafu ndani ya silinda hauruki.

Ukifanikiwa utaona: cheche nene ya bluu nyeupe, kila mruko una sauti ya "ta! ta!" unayoisikia ukiwa umesimama. Nyembamba ya manjano au inayoruka mara moja moja, rudi hatua ya 3 na ya 5.

Ikiwa kutoka koili ni nzuri ila kwenye waya za plagi ni dhaifu, mwizi yuko kwenye rota (kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta), kava au waya zenyewe. Tazama kava kwa tochi, ufa wake unafanana na mstari wa penseli.

## Hatua ya 8: Ukilazimika kununua

Hapa sasa, sio mwanzo. Nenda dukani na multimita yako, pima kabla hujalipa, muuzaji akinuna mwache anune. Makosa ni mawili na yote nimeyaona:

Koili ya omu 3 kwenye gari yenye balasti. Balasti nayo ikiwa kama omu 1.5, jumla inakuwa 4.5, ampia 2.7, moto unabaki asilimia 44. Hiyo ndo hadithi ya "koili mpya mbaya kuliko ya zamani". Ama utafute ya 1.5, ama uitoe balasti kabisa.

Koili ya 1.5 kwenye gari isiyo na balasti. Inavuta ampia 8. Wiki ya kwanza utaisifia, gari inaruka, wiki ya pili pointi zimeungua zimekuwa na shimo upande mmoja na kilima upande mwingine, na koili huwezi kuishika kwa mkono.

Na usipanue gepu la plagi kwa sababu koili ni "ya nguvu". Gepu kubwa linataka volti zaidi, na kava na rota za miaka arobaini zitavujisha kabla plagi haijaruka. Baki na 0.75 mpaka 0.8 kwa Landrover.

Mwisho kabisa, kama uligusa gepu la pointi, taimingi (wakati wa cheche kuruka) imehama, iseti upya. Koili ya zamani ikiwa ilipima vizuri iandikie omu zake kwa makapeni uiweke kwenye buti pamoja na kondensa. Na kama unayo ile ya 1.5 isiyokufaa, muulize jirani mwenye Datsun kama anaitaka.